Kufunga mwamba wa pweza: anzeni na siku ya kufungua

Nachokoa pweza tangu nikiwa mtoto wa kushika ndoo nyuma ya mama yangu, na sasa ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia yetu, yaani eneo letu dogo la utawala chini ya sheha, huku kusini mwa Pemba. Wageni hutujia kutoka Unguja, Tanga, mara nyingine Mtwara, kutaka kujua tunavyofunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Maswali yao yanafanana: tufunge miezi mingapi, tuweke maboya gani, tukimkamata mtu tumfanye nini. Ni maswali ya haki, na nitayajibu. Lakini kabla ya yote huwauliza mimi: siku ya kufungua nani ataingia kwanza, atamuuzia nani, na kwa bei gani? Kijiji kisicho na jibu kisifunge bado. Kitakuwa kimewanyima kinamama wake kitoweo miezi mitatu, ili wazamiaji wa miwani kutoka kwengine waje wamalize kila kitu maji yakitoka mara mbili tu.

Mjue kwanza mnafunga nini

Pweza ni mali ya haraka. Wengi wao huishi mwaka mmoja, au mwaka na nusu, basi. Ndani ya muda huo mfupi anakua kwa kasi ambayo samaki wa mwamba hawana: aliye na gramu 300 leo, akiachwa miezi miwili au mitatu, anaweza kupita kilo moja kwa mbali. Piga hesabu hii na watu wako kikaoni, kwa vijiti au kwa kokoto. Pweza kumi wa gramu 300 ni kilo tatu. Tuseme wanne wameliwa na mikunga, wale samaki wenye umbo la nyoka, au wamekufa wenyewe, na sita waliobaki wamefika kilo moja na nusu kila mmoja. Hizo ni kilo tisa, kwenye mashimo yaleyale, bila mtu kupanda kitu wala kununua chambo.

Jike huzaa mara moja tu maishani. Anaingia pangoni, anajiziba kwa mawe, anayaning'iniza mayai kwenye dari ya pango, nyuzi kwa nyuzi, maelfu kwa maelfu, kisha anakaa kuyapulizia maji na kuyalinda bila kula. Yakianguliwa, yeye anakufa. Vitoto navyo havikai pale: mkondo unavichukua, vinaelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua kwenye mwamba, na mwamba huo huenda ukawa wa jirani yenu. Kwa hiyo msiwaahidi watu kwamba mayai ya kwenu yatakuwa pweza wa kwenu. Faida mtakayoiona kwa macho baada ya miezi mitatu ni uzito. Mayai ni faida ya bahari nzima, na ndiyo sababu ninatamani kila kijiji kifunge, kwa kupokezana.

Waliotufungulia njia ni Wavezo, jamii ya wavuvi, wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 walifunga mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi saba, na baadaye vijiji vingi vya pwani yao vikafuata kwa vipindi vifupi zaidi. Watafiti walizipitia fungafungua 36 za huko, za kati ya mwaka 2004 na 2011. Walikuta kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza walioteremshwa kutoka maeneo hayo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, ilhali kapu la mvuvi mmoja kwa siku liliongezeka kwa karibu asilimia 90. Isomeni hesabu hiyo mara mbili. Mali ya mwamba imepanda zaidi ya mara saba, lakini kapu la kila mtu halikufika hata maradufu. Kilichobaki kimekwenda kwa watu waliofurika siku hizo. Ndiyo maana nang'ang'ania siku ya kufungua.

Kikao, na saa ya kikao

Msiitishe kikao cha pweza wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapotoka sana na mwamba kukauka. Naliona jambo hili mara kwa mara: maofisa wanapanga saa nne asubuhi, maji yametoka, kinamama wote wako mwambani, na waliokaa kwenye mkeka ni wanaume wenye vyombo na wachuuzi wawili watatu. Kisha inaandikwa kwamba jamii imekubali. Kaeni siku za maji mafu, maji yanapotoka kidogo tu, alasiri, na kinamama wakae kwanza peke yao. Mbele ya mume, mkwe na sheha, mwanamke anayevua kwa miguu hatasema kwamba mwamba mnaoutaka ndio unaompa ada ya shule. Akiwa na wenzake atasema, atautaja jina, na atawaambia ni shimo gani halikosi pweza.

Muwe nao hawa: wachokoaji wa miguu, wazamiaji wa miwani, wenye ngalawa na madau, watega madema, wanunuzi, wakaanga pweza, na wazee wanaojua mipaka ya zamani. Wakulima wa mwani pia, kama mashamba yao yanapakana na mwamba, kwa sababu wao wako pwani kila siku na macho yao ni ulinzi usio na gharama.

Kabla hata ya kupiga kura, anzeni daftari. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akae dikoni, pale samaki wanapoteremshwa, kwa mabamvua mawili au matatu na mizani, aandike kila pweza: uzito, jike au dume, ametoka mwamba gani, kavuliwa kwa miguu au kwa kuzamia. Msipokuwa na maandishi ya kabla, siku ya kufungua mtabaki kubishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mvuvi daima ina pweza wakubwa.

Mwamba upi

Hapa pana ugumu wa kweli. Mwamba wa karibu unalindika vizuri, unaonekana kutoka ufukweni, lakini ndio unaowalisha wasioweza kwenda mbali: bibi wa miaka sabini, mjane asiye na chombo, mama mwenye mtoto mgongoni. Ukiufunga huo umefunga sufuria zao. Mwamba wa mbali hauumizi hao, ila hauna wa kuuona, na siku ya kufungua utawafaa wenye mashine na miwani tu.

Ushauri wangu ni mwamba wa kati: unaofikika kwa miguu bamvua kuu au kwa mtumbwi wa kupiga kafi, na unaoonekana na mtu aliyekaa dikoni. Mwamba mdogo wa karibu kabisa uacheni wazi, kwa wazee na watoto, na muandike hivyo katika makubaliano. Ukubwa msizidishe robo ya eneo mnalovua pweza. Kijiji kinachofunga nusu ya bahari yake kwa furaha ya kikao cha kwanza kitaanza kuibiwa na watu wake wenyewe mwezi wa pili, na huwezi kumlaumu sana mtu mwenye njaa.

Tena mwamba uwe hai. Penye matumbawe yaliyovunjwa kwa nondo, au yaliyokufa baada ya maji kupata joto kali, kama ilivyotokea sehemu nyingi za pwani yetu mwaka 1998, pweza hana pango na hana kaa wa kula. Kufunga changarawe tupu ni kuwachosha watu.

Miezi mitatu watu watakula nini

Swali hili huulizwa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukunja mikeka, wakati ndilo la kwanza kwa mwenye nyumba. Robo ya eneo ikifungwa, robo tatu ipo. Hata hivyo wote watahamia huko na kapu litapungua. Tangazeni mapema, ikiwezekana nusu mwaka kabla, ili vikundi vya hisa na vibati, yaani upatu, vianze kuweka kwa lengo hilo. Kikundi kiamue wazi kwamba mkopo wa miezi ya kufunga unarudishwa baada ya kufungua, bila riba ya katikati. Wachuuzi wanaokopesha kinamama kwa masharti ya kuuziwa wao tu, kwa bei yao, waangalieni kwa makini katika miezi hii. Hapo ndipo mtu anaingia deni litakaloila faida yote ya mwamba.

Angalieni kalenda vilevile. Ramadhani inasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, basi msinakili tarehe za mwaka jana. Sisi tunapenda mwamba ufunguliwe bamvua la mwisho kabla ya mfungo, watu waingie Ramadhani na unga ndani na nguo za sikukuu za watoto zikiwa zimeshapatiwa fungu. Shule nazo zina miezi yake ya ada na sare. Na kama mwamba wenu uko upande wa bahari kuu, kusi likivuma sana hakuna atakayefika huko hata kwa doria; waulizeni manahodha.

Sheria iandikwe kabla ya boya kutupwa

Zanzibar njia inapita kwa sheha na kamati ya wavuvi ya shehia, kisha idara inayosimamia uvuvi, chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010. Ikiwa mwamba umo ndani ya hifadhi ya bahari, ofisi ya hifadhi ihusishwe tangu mwanzo. Tanzania Bara na Kenya mna vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU, na sheria ndogo zinapitia ngazi za huko. Msidharau karatasi hii. Siku mtakapomkamata mgeni mwenye boti ya mashine, atauliza mnamzuia kwa amri ya nani, na jibu la "tumekubaliana kijijini" halitoshi polisi.

Ndani ya sheria wekeni mambo machache mnayoweza kuyasimamia. Mipaka, kwa alama ambazo kila mtu anazijua: mnara wa msikiti fulani ukiwa sawa na mnazi fulani. Tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua. Nani haruhusiwi, kufanya nini. Hapa vijiji vinatofautiana: wengine wanazuia pweza tu, wengine wanazuia uvuvi wote. Mimi nasimama na wanaozuia wote kuingia kwa miguu, kwa miwani na kwa nyavu, chombo kikiruhusiwa kupita tu. Mkizuia pweza peke yake, kila mtakayemkuta mwambani atawaambia anatafuta chaza.

Uzito pia uandikwe. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, nasi tumeuchukua uzito huohuo. Na jike aliyelalia mayai haguswi, hata siku ya kufungua. Mchokoaji mzoefu anamjua: mlango wa pango umezibwa mawe, na ukichungulia unaona nyuzi nyeupe zinaning'inia. Ameshakonda huyo, mizani haimpendi, kumtoa ni hasara kwa kila mtu.

Adhabu ya fedha wekeni, ila iliyofanya kazi kwetu kuliko faini ni hii: aliyeingia mwamba uliofungwa anakosa siku za kufungua, yeye na chombo chake. Mwenye fedha atalipa faini acheke. Kukaa ufukweni akiwatazama wenzake wakirudi na ndoo zimejaa ni jambo asilolikubali mtu.

Majirani msiwapelekee barua tu. Nendeni, mkae, mnywe kahawa, muombe imamu wao atangaze baada ya sala ya Ijumaa. Wavuvi wa dago, wanaohama na kupiga kambi, ndio wagumu zaidi kuwafikia kwa sababu leo wako hapa na kesho kisiwa kingine. Mtafuteni mkubwa wa dago, ndiye anayesikilizwa. Jirani mkimpa nafasi yake katika siku za kufungua, hata kama ni siku ya tatu, anakuwa mlinzi wenu. Mkimfungia kabisa, ataingia usiku na taa.

Doria

Maboya ya madumu yaliyopakwa rangi yanatosha, na muwe na ya akiba kwa sababu yataibwa. Zamu ya ulinzi igawanywe kwa majina, wanaume na wanawake, na iwe nzito siku za bamvua, mchana na usiku wenye mbalamwezi. Siku za maji mafu hatari kubwa ni wazamiaji. Mlinzi asipigane na mtu. Apige picha, achukue jina la chombo, apige simu. Mafuta ya boti yapangiwe fedha tangu siku ya kwanza, kwa sababu doria ya kujitolea haifiki mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu ndio wenye pweza wakubwa wanaomtia mtu tamaa.

Siku yenyewe

Tarehe ya kufungua lazima iangukie bamvua. Nimesema lazima. Mwamba ukifunguliwa maji mafu haukauki, mwenye kwenda kwa miguu hagusi kitu, na wazamiaji wanavua peke yao siku tano sita kabla maji hayajaanza kutoka vizuri. Kikao kilichopanga tarehe kwa kuangalia nafasi ya mgeni rasmi badala ya mwezi kimeshawaibia kinamama bila mtu kuona. Kwa hiyo kalenda ya maji itangulie, mgeni rasmi afuate.

Siku ya kwanza iwe ya wanakijiji. Gaweni mwamba: uwanda unaokauka ni wa wachokoaji wa miguu, ukingo wa nje wenye kina ni wa wazamiaji, na mpaka wao uonyeshwe kwa boya. Watu wote wakusanyike ufukweni, iombwe dua, ipigwe filimbi, hapo ndipo miguu iingie majini. Vijiti vya mbao viruhusiwe. Nondo zizuiliwe, maana pweza anayetolewa kwa kuvunja tumbawe amelipiwa na pango ambalo mwengine angelihamia wiki ijayo. Siku ya pili au ya tatu waingie majirani.

Mizani iwe moja, ya kamati, mahali pa wazi. Pweza wote wapite hapo kabla ya kumfikia mnunuzi. Hapo ndipo daftari linajazwa, wa chini ya gramu 500 anaonekana, na mchango wa kijiji unakatwa.

Bei sasa. Siku hiyo mnateremsha mali nyingi ghafla, na mnunuzi mmoja akiwa peke yake dikoni atasema barafu yake imejaa, kiwanda kimeshusha bei, pweza ni wengi. Ataanza asubuhi kwa bei nzuri na kufikia saa nane atakuwa ananunua kwa nusu. Pweza wetu mwingi huishia Ulaya, Italia, Hispania, Ureno, na huko siku yenu ya kufungua haibadilishi kitu. Kinachoshusha bei ni udogo wa soko la dikoni saa ileile. Basi wiki tatu kabla waiteni wanunuzi wasiopungua wawili, watatu ni bora. Mwambieni kila mmoja kiasi mnachotarajia, kwa daftari, akubali bei ya chini ambayo hatashuka kwa siku zote za kufungua, atie saini mbele ya sheha, aje na barafu yake. Anayekataa kutia saini asipewe nafasi ya mizani. Sehemu ya pweza watengewe wakaanga na wauza supu wa hapahapa kijijini, kabla mawakala hawajachukua wote, kwa sababu kuna nyumba nyingi zinazoishi kwa karai moja la pweza wa kukaanga. Na kila nyumba ipate kitoweo cha siku hiyo, hata isiyo na mvuvi. Miezi mitatu walivumilia wote.

Fedha za mchango

Tuseme mmekubaliana shilingi 200 kwa kila kilo, ilipwe na mnunuzi palepale kwenye mizani. Kilo elfu moja zitatoa shilingi 200,000. Kwanza lipeni mafuta ya doria yaliyokopwa, pili wekeni akiba ya doria ijayo, kinachobaki ndicho cha jambo la kijiji: bomba, madawati, paa la madrasa, watu wachague wenyewe. Fedha zikae kwa mtunza hazina ambaye si mwenyekiti wala ndugu yake, na ningependa awe mwanamke anayevua kwa miguu.

Kikao cha hesabu kifanyike kabla ya bamvua linalofuata. Daftari lisomwe kwa sauti: kilo za wachokoaji, kilo za wazamiaji, kilo za majirani, bei ya asubuhi na ya jioni, kilichoingia na kilichotoka. Karatasi ibandikwe dikoni na mlangoni kwa sheha. Kilo za wachokoaji wa miguu zikionekana chache mno mbele ya za wazamiaji, msijadili kufunga tena mpaka mgawanyo wa siku ya kufungua urekebishwe, hata kama jumla ya kilo inapendeza. Zikiwa sawa, na watu wakiwa wameridhika, chagueni tarehe hapohapo, kalenda ya maji ikiwa mezani, na maboya yatolewe majini, yakaushwe, yapakwe rangi upya, yawekwe chini ya ulinzi wa mtunza vifaa.